Tui la Shayiri

Ninachokumbuka zaidi ni kinyaa, kwa hiyo huenda nikamwonea mtu humu. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Nitajaribu kusema kila mmoja alivyokuwa.

Bwana niliyemfanyia kazi za nyumbani Alkhoudh, hapa Maskati, alikuwa mwalimu kutoka Ayalandi. Mpole. Hakuwahi kunipandishia sauti, na Ijumaa hakunigusia kazi. Ila alikuwa na hamu ya pombe nyekundu ya kwao, na alitaka kuitengeneza mwenyewe tangu punje. Alinunua shayiri duka la chakula cha mifugo, akailoweka, akaitandaza kwenye sinia katika chumba cha kufulia. Siku ya tatu ikaota vimizizi vyeupe, utadhani funza wamelala. Mimi ndiye niliyeigeuza, kwa mikono. Baadaye tukaianika juu ya paa ikawa kimea kikavu, na kidogo akanipa nikikaange mpaka kiwe cheusi kama kahawa. Hicho ndicho cha kutia wekundu.

Siku ya kupika alikisaga, akakiloweka kwenye maji ya moto, akachuja, akamwagia maji mengine, akachuja tena. Nyumba ikanuka uji uliomwagika ndani ya kiatu. Akaninyooshea kikombe, akaniambia kwa Kiarabu chake cha dukani, "Onja, bado si pombe. Hamira sijatia." Nadhani alisema kweli. Nikakataa, nikayachukua mabaki kwa ndoo kwenda kuyatupa.

Jirani yetu alikuwa getini na mbuzi wake wawili. Ni bibi wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja.

"Umebeba nini, mwanangu?"

"Machicha, bibi."

Kwetu bara, ukitaja machicha, watu wengi huwaza kilabu cha pombe. Yeye aliwaza nazi. Akachungulia ndani ya ndoo, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Lo! Mzungu wako anakuna shayiri kama nazi? Na tui lake analinywa?"

"Analinywa, bibi."

Sikusema uongo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Basi hiyo dawa ya figo! Mie daktari kanambia ninywe maji ya shayiri, na wanangu wananletea ya kopo, sukari tupu. Niwekee chupa. Tui la kwanza, la pili kanywe wewe!"

Mbuzi walishatia vichwa ndooni.

Ilinipasa niseme pale pale. Lakini mtaa mzima ni yeye tu niliyezungumza naye Kiswahili. Alasiri alikuwa akiniita kwa kahawa na tende, ananikalisha kwenye mkeka wake anaoswalia. Niliogopa kuupoteza mkeka ule.

Wiki ile pipa alimomimina yale maji ya shayiri lilikaa chumba cha kufulia, kiyoyozi kikiwaka mchana kutwa. Bwana alitia hamira na maua makavu machungu aliyokuja nayo toka kwao. Kesho yake kifuniko kikavimba, povu la kahawia likatoka pembeni kama la mdomo wa ngamia aliyekasirika, likateremka mpaka kwenye shuka nilizokunja. Nilipoliosha lilivutika vidoleni. Nilikula kwa kijiko siku tatu. Mikono yangu mwenyewe ilinichukiza.

Bibi alipoleta chupa, nilimweleza bwana. Kusema haki, alishtuka kuliko mimi. "Usimpe! Mwambie ukweli leo hii."

Nikaenda. Nilimweleza nikiwa nimesimama, viatu mguuni.

Aligeuka kuwatazama mbuzi wake uani. Kisha, "Na mbuzi wangu?"

"Machicha yalitoka kabla ya hamira, bibi. Yalikuwa shayiri tu."

"Ala! Leo wanisomesha ulevi?"

"Nisamehe, bibi."

"Wiki nzima umekuja hapa, umekunywa kahawa yangu, na hili unalo kifuani." Hakupaza sauti. Alichukua chupa yake, akaingia ndani.

Siku mbili baadaye nilinunua shayiri ya pakiti na sufuria mpya, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa safi, nikampelekea ingali vuguvugu. Alinifungulia. Akamimina kwenye kikombe, akanisogezea mimi.

"Onja wewe kwanza."

Nilipoinua kikombe, harufu ikanijia ileile. Shayiri ni shayiri. Nikaona vimizizi, nikaona povu, nikahisi ule utelezi vidoleni. Nilijitahidi kumeza, wallahi nilijitahidi, nikashindwa. Nikakimbilia bomba la uani, nikatapika mbele yake.

Nikamwambia ni shayiri na maji tu, hakuna kingine. Akanitazama machozi yakinitoka, akaitazama sufuria, akaibeba akaenda kuimwaga nje ya geti. Simlaumu. Ningekuwa mimi, nimeona uso kama ule juu ya kikombe changu, nami ningemwaga.