Kesi ya Kichwa na Shingo

Wifi yangu Hedwiga, mke wa kaka yangu Tumainieli, aliwashinda wanawake wote wa mtaa wetu kwa kubeba tangawizi. Nasema hivyo, na mimi mwenyewe nimebeba sana. Akishakaza ngata kichwani na kutwishwa kiroba, aliteremka mlima hadi barabara ya magari huku anaimba sauti ya pili, hatafuti pa kupumzikia.

Mwaka juzi alipoanza kulalamikia kichwa, hatukushangaa. Kwetu Upare, mwenzako akiumwa kichwa njiani mnagawana mzigo wake, yeye anashuka mikono mitupu. Ndivyo walivyotulea mama zetu. Tukaugawana.

"Wifi, kichwa hicho kina nini?" nikamuuliza.

"Kimeishitaki shingo," akasema. "Waache wamalize kesi yao. Wapare hao, kwa kesi hawachoki."

Tulicheka hadi viroba vikatikisika.

Msimu wa tangawizi ukaisha, ngata ikatundikwa ukutani, kichwa kikaendelea kuuma. Sasa aliamka nacho, akatapika kabla ya chai. Akaniambia jicho la kushoto linaona ukungu, na mlima siku hiyo ulikuwa wazi, hauna ukungu hata kidogo. Binti yake Rogathe akamsihi waende zahanati akapimwe.

"Mwanangu, huu ni uchovu wa mizigo. Uliingia taratibu, utatoka taratibu."

Akajifunga kanga kichwani, akaikaza.

Jumapili moja tulisimama kanisani kuimba. Kitabu kikamponyoka. Akainama kukiokota, mkono ukakataa. Akanigeukia aniambie neno, mdomo ukawa umekwenda upande. Neno lile sijalipata hadi leo.

Gari likamshusha Same hospitalini. Daktari akatuuliza kichwa kimeanza lini, kama alitapika, kama macho yalisumbua. Tulimjibu yote, maana yote tuliyajua. Akasema shinikizo la damu limepanda mno, mshipa umepasuka kichwani. Kichwa kinachobadilika namna ile, alisema, huletwa mapema, hakisubiriwi kipoe. Hedwiga hakuamka.

Ngata yake bado iko ukutani. Kaka hataki iguswe.

Juzi tukiteremka, Beatha, jirani yangu, akashika paji la uso. Tukaugawana mzigo wake kama desturi. Ila Rogathe akamshika mkono, wakafuata njia ya zahanati. Mimi nikachukua fungu kubwa, na umri wangu huu. Tukashuka. Hakuna aliyetaja kesi wala shingo, na masikio yangu yalikuwa yanausubiri utani wa wifi.