Mgeni Halishwi Kikavu

Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mgeni anayefundisha watu kupiga mbizi, aliitwa kwao ghafla mama yake alipougua. Akatuachia fereti wake, mnyama mrefu mwembamba mfano wa cheche, ila huyu mweupe na amefugika kama paka. Alituachia pia mfuko wa chakula chake cha punje kavu. Mfuko ukaisha, mwenyewe hajarudi. Na fereti hastahimili njaa: utumbo wake ni mfupi, akila asubuhi, kabla ya adhuhuri tumbo ni tupu.

Sikupata duka mjini linalouza chakula chake. Nikaenda mtaa wa Amani, kwenye duka la vyakula vya mifugo, nikapimiwa kidogo kidogo cha mbwa, cha paka wakubwa na cha watoto wa paka. Kulinganisha si kazi ngumu. Soma maandishi ya mfuko. Kinachotajwa mwanzo ndicho kilicho kingi. Cha mbwa kilianza na mahindi, na fereti ni mla nyama, mahindi hayamfai. Cha paka wakubwa kilianza na ngano, samaki akafuata kwa mbali. Cha watoto wa paka kilianza na kuku, tena kina mafuta. Nikakichagua hicho.

Alinusa, akageuza uso. Kumbe fereti hujifunza harufu za vyakula angali mdogo. Asiyoijua haihesabu kuwa chakula. Kufikia alasiri alikuwa amelala tu, mbavu zimebonyea.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kwetu kutoka Bwejuu, ambako cheche ni mwizi wa kuku, kwa hiyo alikuwa akimtazama fereti kwa pembeni. Lakini njaa ya mgeni ilimshinda.

"Mwanangu, mgeni gani huyu mnamlisha kikavu? Hata mfungwa hutiliwa mchuzi."

Akanyanyuka na bakuli, akaelekea kwenye sufuria ya mchuzi wa nazi. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kitunguu kingemdhuru. Ila neno lake sikulitupa. Nikachemsha shingo za kuku bila chumvi wala kiungo, nikaloweka punje katika supu mpaka zikalainika, nikampaka kidogo mdomoni.

Akalamba. Akafuata kidole changu mpaka bakulini. Nimeishi na paka tangu utotoni, lakini sijapata kuona kiumbe akila kwa mwili mzima namna ile: kila tonge lilipita kama wimbi, kutoka shingoni, mgongoni, hadi ncha ya mkia.

"Subhanallah," mama mkwe alisema taratibu. "Kwetu cheche hujichukulia kuku mwenyewe. Huyu anapikiwa supu."

Siku zilizofuata nikapunguza supu kidogo kidogo; nawe ukibadilisha chakula cha mnyama, usifanye pupa. Asubuhi moja tukasikia meno madogo yakivunja punje kavu. Mama mkwe akaacha kuchambua mchele. Akasogeza kigoda karibu na bakuli, akakaa na ungo mapajani mpaka mgeni wetu alipomaliza kula.