Siku Tangi la Mafuta Lilipombeba Baba Mkwe

Nimewahi kumwona mtu mzima, ndani ya suti na tai, akinyanyuliwa na ardhi mbele ya wageni waalikwa.

Hakuwa mchawi. Alikuwa mkandarasi. Na zilibaki wiki chache tu awe baba mkwe wangu.

Ngoja niwasimulie taratibu, maana hata sasa ninapoandika nacheka.

Mimi ni mkaguzi wa matangi ya mafuta, yale yanayofukiwa chini ya vituo vya kujazia magari. Nimetoka chuoni juzi juzi. Kazi naipenda, ila nina ugonjwa mmoja: nikiogopa, nacheka. Tena si kicheko cha maana. Ni kile cha kujizuia, kinachotokea puani. Naziba mdomo kwa kiganja, ndio kwanza kinazidi.

Sheria yetu iko wazi. Tangi likishushwa shimoni, linafungwa kwa mikanda mipana kwenye zege lililo chini yake. Mkaguzi anakuja, anaona kwa macho yake, ndipo mnafukia.

Kwa nini? Tangi tupu ni kama chupa tupu yenye kizibo. Maji yakijaa ardhini, linataka kupanda juu. Likipanda baada ya kutiwa mafuta kidogo, mabomba yanakatika na mafuta yanaelekea kwenye visima vya watu.

Kisima cha jirani kilikuwa cha watoto wa chekechea, ng'ambo ya barabara.

Mafundi walimwita mkandarasi wetu Kamanda, kwa anavyopenda kuamrisha. Nilimweleza bosi wangu kwamba huyu ni baba wa mchumba wangu. Akasema wenzangu wote wako safarini, niende tu, nimetumwa kukagua tangi, si ukoo.

Nilipofika, shimo halikuwepo.

Palishafukiwa, vitofali vyekundu vimepangwa juu, mpaka maua yamewekwa.

"Mikanda iko wapi, baba?" nikauliza.

"Si iko chini, mkwe. Mikanda ya tangi ulitaka nikuwekee kwenye kabati?"

Nikacheka. Nikamwomba afukue upande mmoja tu nione. Nikazidi kucheka. Yeye akadhani tumeelewana. Akanipigapiga begani, akasema saini nitaitia siku ya uzinduzi, ukoo mzima ukiwepo.

Mchumba wangu nilipomwambia alishika kichwa. Alisema nifanye kazi yangu, lakini nijue baba yake akiaibishwa hadharani hasahau. Shangazi yao hajakanyaga pale nyumbani tangu aseme geti jipya limepinda.

Geti tu, jamani. Sembuse tangi.

Mvua ikanyesha mfululizo, na tangi bado halijatiwa mafuta. Asubuhi ya uzinduzi jua likatoka kana kwamba halijafanya kosa. Kukawa na hema kubwa, limekazwa kwa mikanda mipana ya njano, halitikisiki. Mwenye kituo, mama mmoja mpole wa kofia kubwa, alikaa mbele pamoja na mama mkwe. Mimi nilijibana nyuma kabisa, nimeshika mkanda mmoja wa hema kwa mikono yote miwili nisianguke.

Kamanda alijisifu mpaka kipaza sauti kikakoroma. Kisha akaniita. Nikazidi kuung'ang'ania mkanda. Akanifuata mwenyewe na fomu ya ukaguzi, kipaza sauti bado mkononi.

"Binti yetu, tia saini watu wanywe soda."

Niliwaza mchumba wangu. Niliwaza geti. Halafu ng'ambo ya barabara nikasikia bomba la kisima cha chekechea likimwaga maji kwenye ndoo.

"Sisaini, baba. Sijaiona mikanda."

Kisha nikacheka. Kipaza sauti kilikuwa karibu na pua yangu, kwa hiyo kicheko kikatoka kwenye spika zote, mpaka barabarani.

Kamanda alitabasamu kwa meno tu. Akatembea hadi katikati ya vitofali, akageukia wageni.

"Huyu mtoto ana utani. Tangi hili haliendi popote."

Akakanyaga kwa nguvu kuwathibitishia.

Vitofali vikalia. Ardhi ikavimba kama andazi kwenye mafuta. Na Kamanda akaanza kurefuka.

Alipanda polepole, kwa heshima zote, tai yake ikipepea. Mgongo mweupe wa tangi ukachungulia chini ya viatu vyake kama kiboko anayekuja kuvuta hewa. Akajaribu kuendelea na hotuba. Akateleza, akashuka kwa makalio hadi kwenye maua.



"Sasa hiyo mikanda iko wapi?" mwenye kituo akauliza, kwa upole uleule.

Hapo ndipo nilipotazama nilichoshika.

Mkanda wa njano. Una kibandiko. Jina la kiwanda ni lilelile lililoandikwa mgongoni mwa tangi.

Sikuweza kusema. Niliuinua tu. Wageni wote wakatazama juu, wakalitazama lile hema lililofungwa kuliko hema lolote duniani.

Mama mkwe akanyanyuka na mkoba wake, akaja moja kwa moja kwangu. Nikafumba macho. Nikaiaga ndoa yangu kimoyomoyo.

Akanikumbatia. Alikuwa anatetemeka. Nikasikia sauti ninayoijua vizuri: kicheko cha puani, kiganja mdomoni.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "miaka yote ya ndoa nacheka hivihivi, naye anadhani nimekubali."

Ripoti niliiandika siku hiyohiyo. Tangi lilitolewa, Kamanda akazuiwa kuchukua kazi nyingine mpaka alirudie kwa gharama yake. Alininunia, kisha siku moja akapiga simu: shimo liko wazi, mikanda imefungwa, nije nione kabla hajatupa hata koleo moja la mchanga. Siku hizi anapiga hata akijenga banda la kuku.

Ninyi wenye aibu kama mimi, msisubiri siku mtakayokuwa jasiri. Hapana ukiisema huku unacheka, bado ni hapana.

Harusi tulifanya chini ya hema lililofungwa kwa kamba. Nilikagua mwenyewe.