Karatasi ya Ukutani Yenye Jina

Harufu ya nta ya kung'arishia sakafu, na unyevu wa mawe chini yake, ndiyo iliyotupokea katika lile jumba la kale la makabaila, pembezoni mwa London. Darasa letu lilikwenda kutembezwa, na wazazi wachache wakaombwa kutusindikiza. Mama alikuja kwa kubembelezwa na Baba. Tulikuwa tumeonja baridi moja tu tangu tuhame Mombasa, sisi na Wahindi wenzetu wengi, tukapanga mtaa wa Queensbury, na Mama alikwisha kata shauri: kiangazi kikifika anarudi kwa dada yake, mimi nibaki na Baba nisome. Alilisema hilo huku akikoroga mchuzi, kama mtu anayesema chumvi imepungua. Mimi roho ilikuwa juu juu kila alipovaa koti.

Sebuleni, ukuta mzima ulibandikwa karatasi ya mtindo wa Kigothi, ule wa makanisa ya kale ambao Waingereza waliufufua baadaye majumbani mwao. Ilikuwa na makomamanga mekundu, majani yaliyojikunja, mataji ya dhahabu, na chini utepe wenye herufi zilizochongoka. Mama, aliyekulia katika duka la kanga la babu yangu, alisimama wima. Aliona pindo, akaona mji, akaona na maandishi mahali pake, yale ambayo kwenye kanga huitwa jina. Akanituma nimuulize bibi wa Kiingereza aliyekuwa akitutembeza: doti hii jina lake nini?

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini niliuliza. Yule bibi akaeleza kwamba maneno yale ni Kilatini, ni usemi wa ukoo uliojenga jumba. Nikamfasiria Mama kwa lugha ya kanga: "Tupo hapa, hatubanduki."

"Walikuwa wakimsema nani?" akauliza Mama.

Kwake yeye, hakuna aandikaye maneno kama hayo bila mtu wa kuyasoma yakamchoma. Nilipofasiri, yule bibi alifikiri kidogo, kisha akaanza kucheka. Alisema mwenye jumba aligombana na kaka yake aliyelitaka jumba hilo, na sebuleni humo ndimo kaka alimokaribishwa chai. Loo! Mama alicheka hadi machozi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mombasa. Kumbe na Waingereza wana vijembe, alisema, tena wanavibandika ukutani! Ndani ya basi aliwahadithia kina mama wenzake kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na tulipofika alikuwa amealikwa chai nyumba mbili. Jioni Baba alipogusia safari ya kiangazi, Mama alisema haondoki kabla hajawajua watu hawa vizuri. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha.

Miaka imekwenda, na Mombasa Mama huenda kutembea tu. Siku hizi hatutaki maua ukutani. Nyumba yangu nimeipaka rangi nyeupe tupu, na wanangu, wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, wanasema inapumzisha macho. Mama alipokuja kuiona mara ya kwanza, alipita chumba hadi chumba akichunguza kila ukuta, kisha akanishika mkono kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu," alisema, "kwani miaka yote hii hujapata hata mtu mmoja wa kugombana naye?"