Piano Niliyomficha Baba Muthoni

Kuna Jumamosi moja ya mwezi wa saba naikumbuka vizuri, mwanangu. Baridi ya Nyeri ilikuwa imenikausha vidole, na bado nilirudi nyumbani nikijisikia msichana. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka thelathini na minane, mama wa watoto wanne. Nilikuwa natoka kupiga piano. Mume wangu, Baba Muthoni, alijua natoka kwenye mkutano wa akina mama kanisani.

Nikueleze ilivyoanza. Nilifundishwa piano na wamisheni katika shule ya bweni. Kisha nikaolewa huku Tetu, na wakati ule piano ungeiona wapi huku? Kulikuwa na ng'ombe wa kukamuliwa na majani chai ya kuchumwa. Miaka ishirini ikapita. Siku moja nikaingia duka la vitambaa mjini, nikasikia mtu anapiga piano chumba cha nyuma. Alikuwa Mama Hansa, mjane wa Kihindi mwenye duka. Marehemu mumewe aliinunua piano ile kwa mzungu aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao baada ya uhuru. Nilipomwambia niliwahi kujifunza, alisema, "Basi kuja Jumamosi."

Nikaenda. Aibu niliyoipata! Mkono wa kulia ulikumbuka kidogo, lakini wa kushoto ulikuwa umesahau kila kitu. Mama Hansa akanirudisha kwenye vipande vya muziki vya watoto, mkono mmoja mmoja, huku nikihesabu kwa sauti, mimi ninayefundisha hesabu! Lakini nilifurahi, sana tu. Shida ni kwamba niliona haya kumwambia mume wangu. Nilijua atacheka, na majirani watasema mwalimu ameanza kujifanya mzungu. Kwa hiyo nikawa namwambia naenda mkutano. Uongo wa kwanza ulinichoma, ila ulipofika wa nane hata sikuusikia.

Jumamosi ile nilimkuta Baba Muthoni ameketi, na kikombe cha mgeni kiko mezani.

"Mkutano ulikuwa aje?" akauliza.

"Mrefu! Tumeongea mpaka tukachoka."

"Mwenyekiti wenu ametoka hapa saa hii," akasema polepole. "Amekuja kuuliza kama uko mgonjwa. Ati hujaonekana miezi miwili."

Nilikosa pa kuweka uso wangu. Nikamwambia ukweli wote, na ukweli wenyewe ukasikika kama uongo mwingine. Piano? Kwa Mhindi? Kila Jumamosi? Hakupiga kelele. Alichukua koti lake akaenda kuangalia ng'ombe, na wiki nzima tukaongea habari za watoto tu.

Jumamosi iliyofuata nilienda kumwambia Mama Hansa kwamba naacha. Nilidhani atanionea huruma. Aliposikia sababu, akafunga kifuniko cha piano.

"Mwalimu, mimi ni mjane. Mji yote inajua nyumba yangu iko safi. Wewe umefanya nyumba yangu mahali ya kujificha."

Nikamwomba msamaha, nikasema naacha, basi yaishe.

"Ukiacha, bwana yako ataamini nini? Ataamini ulikuwa na mambo yako, na sasa umeshikwa. Leta yeye hapa. Bila yeye, hii sifungui."

Nilimbembeleza Baba Muthoni siku tatu ndipo akakubali. Alikuja amevaa suti ya kanisani, akakaa na kofia magotini. Nikapiga kipande kimoja cha watoto, nikakosea na kuanza upya mara tatu mbele yake. Hakucheka.

"Ni hii tu?" akauliza nilipomaliza.

"Ni hii tu."

"Ungeniambia, ningecheka siku moja tumalize. Sasa itabidi nikuulize kila siku unaenda wapi, na hiyo kazi mimi siipendi."

Na kweli aliniuliza, zaidi ya mwaka mzima, hata nikienda kununua kabichi. Nami nilijibu kila mara bila kununa, maana nilijitakia mwenyewe. Piano niliendelea nayo. Sikuwa fundi, na mkono wa kushoto mpaka leo ni mzito. Lakini asubuhi moja nilipoaga, Baba Muthoni hakuniuliza kitu, akasema tu, "Haya, mwende salama na huyo Mjerumani wako," yaani mtunzi niliyekuwa nikipambana naye wakati huo, akaendelea kusoma gazeti. Nilifika barabarani ndipo nikalia.

Sasa wewe umeniambia umerudia piano, na kwamba nyumbani hawatajua mpaka uwe hodari. Mwanangu, mtu mzima hawi hodari upesi. Utangoja miaka, na miaka hiyo yote utakuwa ukidanganya watu wanaokuamini. Waambie leo, ungali unakosea. Wakicheka, wacheke, kicheko hakimalizi jioni. Mtu akishaanza kukutilia shaka, hujui atakoma lini.

Mungu akulainishie vidole, akupe miaka mingi ya kupiga, na akupe nyumba ambayo ukiaga unatoka hakuna anayekuuliza unaenda wapi, kwa sababu ulishawaambia.