Pembetatu ya Dada Selina

Moshi wa korosho zinazobanikwa haufanani na moshi mwingine wowote. Unakaba koo, unawasha macho, halafu nyuma yake inakuja harufu tamu inayokufanya usogee jikoni badala ya kukimbia. Nimehamahama miji mingi, na popote ninapoisikia harufu hiyo narudi kwetu Nanyamba, Mtwara, msimu ule ambao dada yangu Selina nusura akose shule kwa sababu ya pembetatu.

Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi. Watoto wote wa kwetu tulijua, na kwa sababu tulijua, tuliyachezea. Unachovya mwiba, unachora mkononi, ngozi inababuka, na ikipona alama imebaki. Wavulana walijichora nyota na namba za jezi; wasichana wakubwa, herufi za majina ambayo baadaye waliyajutia. Selina alikuwa amemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari. Yeye alijichora pembetatu yenye pembe mraba, kila upande umebeba mraba wake, kama alivyoiona ubaoni. Kosa lake ni kuchora juani, mafuta mengi, huku jasho linamtoka. Mistari ikatiririka, mkono ukavimba kama muhogo. Mama alilia kuliko mwenye kidonda, kwani tulisikia kwamba wanafunzi wapya hukaguliwa, na msichana mwenye alama hurudishwa nyumbani.

Aliyemuuguza ni bibi, mama yake baba. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na uso wake ulikuwa na chale za Kimakonde, mistari iliyokunjwa pembe pembe kutoka paji la uso hadi kidevuni. Huko Rahaleo, Mtwara mjini, watoto waliwahi kumcheka, na tangu siku hiyo akitoka nyumbani alivuta kanga hadi puani.

"Nani kakuchanja?" aliuliza, akimpaka mafuta ya nazi.

"Mwenyewe, bibi."

"Mwenyewe! Mimi shangazi zangu walinikalia miguu ndipo wakaweza. Wewe umejikalia?"

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akataka kujua mchoro unasema nini. Selina akachora mchangani, akaeleza kwamba eneo la miraba miwili midogo ukilijumlisha linalingana na la ule mkubwa, halizidi wala halipungui. Bibi aliipitia miraba yote mitatu kwa kidole.

"Na ng'ambo ya mto ni hivyo hivyo?"

"Hata ng'ambo, bibi."

"Basi yako ina bahati. Ya kwangu ilikuwa urembo huko huko tu. Nilipovuka ikawa kichekesho."

Siku ya kuripoti baba alishavaa viatu. Bibi akamwambia abaki. Tukaenda watatu, mimi nimebeba godoro. Mwalimu wa zamu, mama mmoja wa miwani, alipandisha mkono wa shati la Selina, akaguna. "Hii nini? Hapa hatupokei wahuni."

Bibi aliishusha kanga hadi mabegani, mbele ya foleni nzima. "Mwanangu, kama alama ni uhuni, nianze mimi. Nitoe mimi kwanza, ndipo umtoe huyu."

Mwalimu alimtazama usoni, akainamisha macho. Akaushika tena mkono wa Selina, safari hii taratibu. "Umechora mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi mraba huu umeupinda." Akaandika jina lake. "Na utavaa sweta."

Sweta, kwa joto la Mtwara! Selina alilivaa miaka yote ya sekondari, na leo anafundisha hesabu akiwa amevaa blauzi ya mikono mifupi.

Majuzi, nikiwa Arusha, kijana aliyeniuzia laini ya simu alikuwa na mchoro wa atomu shingoni na mlinganyo mrefu mkononi. Nilimuuliza kama wazazi hawakumgombeza. "Aa, siku hizi nani anajali, mkubwa?" Nilifurahi kwa ajili yake. Sisi tulihitaji bibi mzima ajifunue uso hadharani. Yeye amehitaji kuketi tu kwenye kiti cha mchoraji. Nikamuuliza ule mlinganyo unasema nini. Akanikodolea macho. Tangu auchore, alisema, hakuna aliyewahi kumuuliza. Akawaomba wateja wasubiri, akachukua kalamu, akaanza kunieleza juu ya boksi tupu la simu, akifuta, akirudia. Sikuelewa hata nusu yake. Nilivuta kigoda nikaketi.