Mgonjwa Wangu wa Mtihani

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya uuguzi Mwanza, mwalimu wetu alimkabidhi kila mwanafunzi mgonjwa mmoja wa kumhudumia mpaka siku ya mtihani wa vitendo. Mwalimu huyo alikuwa mama wa Kihaya, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alitaka tumpime mgonjwa mzima: mwili wake, moyo wake, imani yake na nyumba atakakorudi.

"Kupima homa mtafundishwa na yeyote," alituambia. "Mimi nitamuuliza kila mmoja mgonjwa wake anaogopa nini."

Mimi nilipewa mwanamke wa Nansio. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda kimojawapo cha minofu ya samaki, enzi zile viwanda vilipokuwa vikiota kando ya ziwa na wasichana wa visiwani wakivuka kuja kukata sangara. Maji ya baridi yalikuwa yamemchubua vidole. Ila kilichomleta wodini hakikuwa vidole. Ulikuwa ule ugonjwa ambao ndugu walinong'onezana tu bila kuutaja, na ulikuwa umemla hadi nilimgeuza kitandani peke yangu bila kuhema.

Siku za mwanzo hakusema nami. Nikimwosha anatazama ukuta. Nikimuuliza kama ana maumivu anatikisa kichwa, iwe ndiyo au hapana. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanasimulia wagonjwa wao bwenini, nani ana watoto wangapi, nani mumewe hafiki kumwona, na mimi sina la kusimulia. Ikabidi niache maswali. Nilikuwa nakaa tu pembeni mwake baada ya kumlisha uji, nikimpaka mafuta miguuni maana ngozi ilikuwa imekauka sana.

Alasiri moja aliniuliza, "Wewe wa wapi?"

"Sengerema."

"Kwa hiyo na wewe unavuka maji kwenda kwenu."

"Navuka, dada. Wengine wanatapika kwenye pantoni, mimi hapana."

Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia nikamuuliza lile swali la mwalimu, na siyo kwa ajili ya mwalimu. Alifikiri sana.

"Kuzikwa na watu wa kiwandani," alisema. "Hawanijui hawa. Nataka kwa mama."

Tangu siku hiyo alinieleza mengi: shamba la mihogo la mama yake, kaka yake aliyejenga kiwanja kimoja na mama, kwaya aliyoimba kabla hajaja mjini. Daktari alipopita nilimwambia mgonjwa anataka kwenda kwao. Alimtazama, akamtazama tena, akasema hana cha kuongeza ambacho nyumbani hakipo. Taarifa ikapelekwa Nansio, na kaka mtu akaja kumchukua. Alikuja siku ya kuamkia mtihani wangu.

Mwalimu aliniita kwenye kibaraza cha wodi.

"Kesho unatahiniwa," alisema. "Akiondoka leo, utapewa mgonjwa usiyemjua. Mtahini anatoka nje ya chuo, sina uwezo wa kumbadilishia taratibu. Kaka yake anaweza kusubiri siku moja."

"Mgonjwa kesho anaweza asiwepo, mwalimu."

"Tathmini yako wewe inasemaje?"

"Inasema aende nyumbani."

Aliangalia chini kwenye ngazi, ambako yule kaka alikuwa amekaa na kofia mkononi. "Basi kamfungie mizigo," alisema.

Nilimsindikiza mpaka bandarini. Tulimlaza kwenye benchi la meli, nikamfunika khanga zake mbili, na yeye akanishika kidole kimoja tu, kama mtoto mchanga anavyoshika. Nilishuka honi ilipolia.

Kesho yake nilisimamishwa mbele ya bibi mmoja wa familia ya wafanyabiashara wa Mirongo, aliyevunjika nyonga na kuletwa jana yake. Alikuwa amechomwa dawa ya maumivu na alikuwa amelala. Nilimwosha vizuri, nikamgeuza bila kumuumiza, nikatandika bila mkunjo. Mtahini, mzee mpole mwenye miwani, alisubiri nimalize.

"Anaishi na nani?"

"Sijui, mzee."

"Nani atamsaidia kwenda chooni akirudi nyumbani?"

"Sijajua bado."

"Anaogopa nini?"

Bibi alikoroma taratibu. Mwalimu alisimama dirishani akinipa mgongo. Nikasema sijui, na mtahini akaandika. Hakunionea, maana wenzangu wote walijibu. Nilisikia baadaye kwamba mwalimu alinitetea mpaka sauti yake ikapanda, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Matokeo hayakubadilika. Nilitakiwa kurudia.

Kabla ya kurudia, nilipanda meli kwenda Nansio. Nilipofika kwao nilikuta udongo wa kaburi bado haujakauka. Mama yake alikuwa mfupi, mikono myeusi kwa maganda ya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule nesi wa Sengerema."

Alinikaribisha jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, badala ya kunipeleka sebuleni. Kulikuwa na kitanda cha kamba, na pembeni sahani moja na kikombe kimoja vimefunikwa.

"Alilala hapa," alisema. "Mke wa kaka yake alikataa asiingie ndani kwa sababu ya watoto. Majirani waliacha kula kwangu. Hata wenzake wa kwaya waliimba wakiwa barabarani."

Mimi ndiye niliyesema nyumbani, na nyumbani ilikuwa hapa, kwenye moshi.

"Aliumia, mama?"

"Aliumia siku ya kwanza. Usiku nikachukua mkeka wangu nikahamia huku. Tukalala wote mpaka mwisho." Alipangusa kile kikombe kwa ncha ya khanga. "Mkwe wangu bado hataki nirudi ndani. Na mimi sitaki."

Niliporudi Mwanza nilimsimulia mwalimu yote. Nilitaka aniambie kama tathmini yangu ilikuwa sahihi.

"Hukuiona ile nyumba," alisema. "Na mimi sikuiona. Sijui, mwanangu."

Nilirudia mtihani, nikafaulu. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupangiwa vituo. Nilipomaliza mimi, serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri, na barua niliyoisubiri haikuja. Nilipata kazi kwenye zahanati ya mtu binafsi, mojawapo ya zile zilizofunguliwa kila mtaa siku hizo. Mwenye zahanati alinifundisha kazi asubuhi ya kwanza. Foleni ilikuwa imefika nje.

"Muulize anaumwa nini, mpeleke kwa daktari, ita mwingine," alisema. "Habari za nyumbani kwake watazungumza huko huko."

Nikafungua mlango, nikamwita wa kwanza.